Selous: Mwindaji aliyeanza na gobore, jina lake likabaki kwenye pori la magnum

JINA la Selous limezoeleka mno masikioni mwa Watanzania, kiasi kwamba wapo wanaodhani ni jina la mto au la mlima fulani wa kusini. Ukweli ni kwamba lilikuwa jina la mtu, mwindaji wa Kiingereza Frederick Courteney Selous, aliyeuawa kwa risasi Januari 4, 1917 katika eneo la Beho Beho, kaskazini ya Mto Rufiji, na kuzikwa papo hapo.

Mkazi wa Madale anayetaka kulifikia kaburi hilo hana budi kuvuka jiji zima, kupita Mbagala, kushika barabara ya Kibiti na kisha kuelekea Mloka, liliko lango la hifadhi. Safari hiyo humfikisha katika ardhi ambayo kwa zaidi ya miaka 100 imekuwa uwanja wa mabishano yasiyokwisha miongoni mwa wawindaji: ni bunduki gani, na risasi ya ukubwa gani, inayofaa kumwangusha tembo, nyati au simba bila kumwacha na jeraha.

Mabishano hayo leo huzihusu zaidi risasi zinazoitwa magnum, hasa zile zenye mkanda wa shaba nyeupe kuzunguka kitako cha ganda. Maisha ya Selous yanastahili kusomwa upya kwa sababu hiyo. Alianza na gobore lililokaribia kumuua yeye mwenyewe, akapitia karibu kila hatua ya mabadiliko ya bunduki za uwindaji, na alipofariki dunia risasi yenye mkanda ilikuwa imekwisha kuingia sokoni.

Kijana wa London

Selous alizaliwa London Desemba 31, 1851, katika familia yenye uwezo. Baba yake alipata kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la jiji hilo. Inasimuliwa kwamba akiwa bado mwanafunzi wa shule ya bweni, alikutwa amelala sakafuni bila godoro, akiuzoeza mwili wake maisha ya porini barani Afrika. Baadaye alisoma katika shule maarufu ya Rugby.

Januari 1867, akiwa na umri wa miaka 15, alinusurika kifo pale barafu ya ziwa la bustani ya Regent's Park ilipopasuka chini ya watu waliokuwa wakiteleza juu yake. Watu 40 walipoteza maisha. Kijana huyo hakuhangaika wala kupiga kelele, bali alijilaza kifudifudi na kutambaa juu ya mabonge ya barafu hadi ukingoni. Utulivu huo ndio uliomwokoa mara nyingi baadaye mbele ya wanyama wakali.

Septemba 1871, akiwa na umri wa miaka 19, alitua pwani ya Afrika Kusini akiwa na pauni 400 mfukoni. Bunduki nzuri aliyotoka nayo kwao iliibwa alipofika Kimberley. Alilazimika kununua silaha za bei nafuu, na tukio hilo dogo likaamua namna atakavyoijua kazi yake.

Gobore la robo ratili

Silaha alizonunua zilikuwa magobore mawili yaliyotengenezwa Birmingham, kila moja kwa pauni sita. Zilikuwa bunduki za kushindiliwa kwa mdomo, zenye mtutu wa upana unaokaribia milimita 25. Kila risasi ilikuwa tufe la risasi lenye uzito wa robo ratili, yaani takriban gramu 113. Baruti aliibeba ikiwa wazi katika mfuko wa ngozi, akaichota kwa mkono na kuimimina mtutuni bila kuipima.

Mwaka 1872 alifika Bulawayo kwa Mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona ni mtoto, akamcheka, lakini akamruhusu. Mwalimu wake wa kwanza porini alikuwa mwindaji wa Kikhoikhoi aliyejulikana kwa jina la Cigar, ambaye alimfundisha kufuata nyayo za tembo na kuwakaribia. Katika maeneo yenye mbung'o farasi hawakuweza kuishi, hivyo uwindaji ulifanyika kwa miguu, na mwindaji alilazimika kumsogelea mnyama hadi hatua chache tu.

Kati ya mwaka 1872 na 1874, Selous aliua tembo 78 kwa magobore hayo. Idadi hiyo ilimjengea jina. Hata hivyo, ilimgharimu. Kila alipofyatua, bunduki ilimpiga teke begani kwa nguvu ya ajabu. Siku moja gobore lilipogoma kulipuka, mbeba bunduki wake alishindilia mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Selous alipofyatua tena, silaha ilimnyanyua na kumtupa chini, ikamchana shavu na kuuacha mkono wake ukiwa hauna nguvu.

Katika maandishi yake ya baadaye alikiri kwamba magobore hayo yaliyaharibu mishipa yake ya fahamu na kumfanya ashtuke kila anapokaribia kufyatua, kasoro iliyomsumbua kwa miaka mingi. Alijuta kuwahi kuzitumia. Somo alilolipata ndilo ambalo wawindaji wengi hulisahau hadi leo: bunduki inayomtisha mwenye kuishika hupiga ovyo, na risasi nzito inayokwenda kombo ni mbaya kuliko risasi nyepesi inayofika mahali pake.

Risasi ndefu yashinda risasi nene

Mwishoni mwa miaka ya 1870, Selous alihamia bunduki ya George Gibbs wa Bristol, iliyopakiwa risasi moja moja kwa nyuma na kutumia maganda ya shaba nyeupe. Upana wa mtutu wake haukufikia nusu ya ule wa gobore, na risasi yake ilikuwa na takriban theluthi moja tu ya uzito wa tufe la zamani. Pamoja na hayo, aliiona bora kwa kila kipimo.

Sababu yake haina miujiza. Tufe la risasi laini hupanuka na kupoteza nguvu linapogonga ngozi na mfupa, mfano wa rungu. Risasi ndefu na ngumu, inayozunguka kwa sababu ya mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, hupenya kwa kina na kwa mstari ulionyooka, mfano wa mkuki. Tembo na nyati hufa haraka pale risasi inapoufikia ubongo, moyo au mapafu, si kwa sababu ya kishindo kinachosikika nje.

Kwa bunduki hizo mpya Selous aliwinda katika nchi ambazo leo ni Zimbabwe, Zambia na Botswana, na mwaka 1881 alitoa kitabu chake cha kwanza kuhusu safari hizo. Lakini tembo walikuwa wakitoweka mbele ya bunduki. Biashara ya pembe ilipodorora, aligeukia kukusanya vielelezo vya wanyama, ndege na vipepeo kwa ajili ya makumbusho. Baada ya kifo chake, mkusanyiko wake wa zaidi ya mamalia 500 ulikabidhiwa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, ambako sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1920.

Bunduki na ardhi ya watu

Haiwezekani kuyasimulia maisha ya Selous kwa kutaja wanyama peke yao. Mwaka 1888 Lobengula aliwekewa mezani mkataba ulioitwa wa Rudd, uliowapa watu wa Cecil Rhodes haki ya madini katika nchi yake. Malipo yaliyoahidiwa yalikuwa pauni 100 kila mwezi, bunduki 1,000 za kisasa na risasi 100,000. Katika zama hizo, risasi ilikuwa fedha na diplomasia kwa wakati mmoja.

Mwaka 1890 Selous, aliyezijua njia za huko kuliko Mzungu yeyote, aliuongoza msafara wa walowezi kwenda Mashonaland kwa niaba ya kampuni ya Rhodes. Mfalme aliyempa kijana ruhusa ya kuwinda alimshuhudia akirejea kama mfungua njia wa wanaoitwaa nchi. Vita vilipozuka mwaka 1893, bunduki za rashasha aina ya Maxim ziliwafyeka askari wa Lobengula. Selous alipigana upande wa kampuni na kujeruhiwa. Wandebele walipoinuka tena mwaka 1896, nyumba yake katika shamba la Essexvale ilichomwa moto.

Teknolojia iliyoboresha uwindaji ndiyo hiyo hiyo iliyoamua vita. Ganda la chuma lisiloingiza maji na, baadaye, baruti isiyo na moshi, vilimwezesha mtu mmoja kufyatua mara nyingi bila kujificha nyuma ya wingu la moshi wake mwenyewe. Watu wa Rufiji, Matumbi na Kilwa waliijua tofauti hiyo kwa uchungu katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, walipoyakabili majeshi ya Wajerumani kwa mikuki na magobore.

Safari ya Roosevelt

Selous alifunga ndoa mwaka 1894 na kuhamishia makazi yake Surrey, Uingereza, ingawa hakuacha kusafiri. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikuwa rafiki yake na aliandika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1908. Roosevelt alipopanga kuja kuwinda Afrika Mashariki baada ya kumaliza muda wake Ikulu, Selous ndiye aliyemsaidia kuiandaa safari hiyo, na Aprili 1909 waliwasili Mombasa kwa meli moja.

Roosevelt na mwanawe Kermit waliwaua wanyama 512, wengi wao kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Walibeba bunduki za aina mbalimbali: nyepesi kwa swala, Winchester ya .405 ambayo Roosevelt aliipenda kwa simba, na bunduki nzito ya mitutu miwili kutoka Holland & Holland wa London kwa tembo na faru. Mwindaji aliyetaka kuwa tayari kwa kila mnyama alilazimika kuwa na watu wa kumbebea silaha mbili au tatu.

Tatizo hilo ndilo lililojibiwa miaka mitatu baadaye.

Mkanda wa mwaka 1912

Holland & Holland walikuwa wamekwisha kutoa risasi yenye mkanda mwaka 1905, lakini iliyoleta mapinduzi ni ile ya .375 Magnum ya mwaka 1912. Kichwa chake kina kipenyo cha takriban milimita 9.5, na kile kizito zaidi kati ya vilivyozoeleka kina uzito wa gramu 19 hivi. Hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 750 kwa sekunde.

Mkanda wenyewe ni pete nene iliyo sehemu ya ganda, mbele kidogo ya kitako. Kazi yake ni kuizuia risasi isizame kupita kiasi ndani ya chemba. Katika maganda ya zamani kazi hiyo ilifanywa na ukingo uliojitokeza nje ya kitako, lakini kingo hizo hukwaruzana zinapopangwa ndani ya magazini. Katika maganda mengine kazi hiyo hufanywa na bega, pale ganda linapojibana kuelekea kichwa cha risasi. Ganda la .375 ni refu, limechongoka taratibu kutoka kitakoni na bega lake ni dogo mno. Ndipo mkanda ulipohitajika.

Mchongoko huo una faida kubwa katika nchi za joto. Jua kali hupandisha msukumo wa baruti, na ganda lililonyooka huweza kunasa ndani ya chemba. Lililochongoka huingia kwa wepesi na kutoka kwa wepesi. Kwa mtu anayekabiliwa na nyati aliyejeruhiwa katika majani marefu, ganda kunasa ni suala la uhai na kifo, lake na la mfuatilia nyayo aliyetangulia mbele akiwa hana silaha.

Faida ya pili ni wigo wa matumizi. Risasi moja iliweza kumwangusha pofu kwa mbali na nyati kwa karibu, na kwa mkono uliotulia hata tembo. Kwa sababu hiyo, nchi kadhaa za Afrika zenye uwindaji wa kitalii, Tanzania ikiwemo, zimeichukua .375 kama kipimo cha chini kwa wanyama hatari.

Baada ya hapo mkanda uligeuka kuwa alama ya biashara. Wamarekani waliuweka kwenye .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, iliyowapa maofisa wanyamapori silaha nzito kwa bei ndogo kuliko bunduki za mitutu miwili za Kiingereza. Uliwekwa pia kwenye risasi zenye bega kubwa, kama .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, ambazo hazikuuhitaji kwa lolote. Mwaka 2007 ilitolewa .375 Ruger isiyo na mkanda, na inafanya kazi ile ile. Mnunuzi anayedhani mkanda ndio unaoipa risasi nguvu amedanganyika: nguvu hutoka kwenye baruti na ujazo wa ganda.

Mfano wa Bell

Anayetaka kuujua upande wa pili wa hoja humtazama Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kujipatia jina katika nchi ya Karamoja, Uganda. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya Mauser yenye kipenyo cha milimita saba, silaha ambayo leo hairuhusiwi kwa mnyama huyo. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi kutoka kila upande. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani wa ndege za kivita huku Tanganyika.

Mafanikio ya Bell hayawi kibali kwa kila mtu kubeba bunduki ndogo. Yeye alikuwa na shabaha ya nadra na alifyatua maelfu ya risasi kwa mwaka. Mgeni anayekuja porini kwa wiki mbili hana mazoezi hayo, na sheria hutungwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Hata hivyo, Bell na Selous, kwa njia tofauti, walifikia jambo moja: magnum humwongezea mpigaji nafasi kidogo ya kukosea, lakini haiwezi kulibadili kosa likawa shabaha.

Mwisho wa Beho Beho

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Selous alikuwa na umri wa miaka 62. Alikataliwa mwanzoni kwa sababu ya uzee, lakini akasisitiza hadi akapokewa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya wawindaji na wasafiri wa kila aina. Mei 1915 alitua Mombasa, na Juni mwaka huo alishiriki shambulio la Bukoba. Alipandishwa cheo kuwa kapteni, na mwaka 1916 alitunukiwa nishani ya DSO. Ugonjwa ulimrudisha Uingereza kufanyiwa upasuaji, kisha akarejea vitani.

Homa na kuhara viliwamaliza wenzake kuliko mapigano. Askari wa Kijerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa wakirudi nyuma kuelekea Rufiji huku wakipigana. Wengi wao walikuwa Waafrika, na kampuni zao nyingi zilikuwa zimeianza vita zikiwa na bunduki kuukuu za mtindo wa mwaka 1871, zilizofuka moshi kila zinapofyatuliwa.

Asubuhi ya Januari 4, 1917, Selous akiwaongoza watu wake Beho Beho, risasi ya mdunguaji ilimpiga kichwani. Alikuwa ametimiza miaka 65 siku nne tu zilizotangulia. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, mwanawe Frederick, rubani wa kikosi cha anga, aliuawa vitani.

Jina na pori

Mwaka 1922 serikali ya Waingereza ililipa pori la akiba jina la Selous. Pori hilo, lenye mizizi katika hifadhi zilizotengwa na Wajerumani tangu mwaka 1896, lilipanuliwa hadi kufikia takriban kilometa za mraba 50,000. Mwaka 1982 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu yake kubwa iligawanywa katika vitalu vya uwindaji, na humo ndimo .375 na .458 zilipopata umaarufu nchini.

Hata hivyo, msiba mkubwa wa pori hilo haukuletwa na mgeni mwenye leseni. Katikati ya miaka ya 1970 tembo walikaribia 110,000. Sensa ya mwaka 2013 ilihesabu takriban 13,000 tu. Majangili walitumia bunduki za kivita na hata za uwindaji, na mwaka 2014 pori likaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Silaha ile ile iliyosifiwa kwa kuua haraka na bila mateso ilipoingia katika mkono usio na sheria, iliua haraka vile vile.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ilitengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, chini ya TANAPA. Pori la akiba la Selous limebaki na sehemu yake, na uwindaji wa kitalii unaendelea huko. Lakini Beho Beho imo ndani ya hifadhi ya taifa, ambako kuwinda ni marufuku. Kaburi la mwindaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake limezungukwa na nyati na tembo wasioruhusiwa kupigwa kwa bunduki ya aina yoyote, iwe yenye mkanda au isiyo nao.